Kitabu Chenye Namba ya Kahawa

Ukitaka kunikorofisha, sema mbele yangu kwamba Loisi binti Nzunda alikuwa mwanamke mjinga. Wapo waliosema. Mmoja nilimnyima chumvi dukani kwangu mpaka akaja kuomba radhi, na hata alipoomba nilimpimia ile ya chini ya gunia, yenye mchanga.

Mimi ni Mwanamvita, mtu wa Pangani. Tunduma, hapa mpakani, nimeletwa na mume mwenye lori, nikalia baridi mwaka mzima, kisha nikazoea. Loisi alikuwa shoga yangu. Yeye Mnyiha wa Igamba huko Mbozi, Mmoraviani wa kuimba kwaya. Mimi Muislamu, na mdomo wangu haujawahi kupata likizo. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, basi tukaelewana vizuri sana, maana mmoja aliongea na mwenzake akasikiliza.

Alikuwa fundi cherehani pale mtaa wa Chapwa. Mumewe, Lwitiko, alikuja kujenga reli pamoja na Wachina, reli ilipokwisha akapata kazi stesheni, halafu kifua kikamchukua. Alimwachia binti mmoja, Tumpe, na cherehani ya kukanyaga. Kwa cherehani hiyo Loisi alishona sare za shule, mashuka, magauni ya kipaimara, na magauni yangu mimi ambayo hadi leo sijapata wa kunishonea vile. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, Tumpe akiwa mgongoni. Alifuzu hadi hatua ya nne, na cheti chake alikitundika juu ya kitanda, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinamla moyo.

Kwa baba yao walizaliwa wawili tu, Nesta mkubwa na Loisi mdogo. Mzee Nzunda alikuwa mkulima wa kahawa, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, kazi yote ya kahawa ilikuwa ya mabinti: kuchuma, kumenya kwa mashine ya mkono, kuosha, kuanika kwenye vichanja. Shule hawakuiona, si mkubwa si mdogo. Na kahawa ikiwa kichanjani haiachwi peke yake, maana mvua ya Mbozi haibishi hodi. Ikikuta kahawa haijafunikwa, mwaka wako umekwenda na maji. Basi wasichana walishinda pale kutwa, wakitazama mawingu, na Nesta akimsimulia mdogo wake hadithi. Loisi alikuwa akiniambia, "Mama Saidi, dada yangu angeweza kukusimulia habari ya jiwe, ukalionea huruma."

Hadithi ya mwisho ilikuwa ya mwanamke aliyeubeba mto ndani ya mtungi. Kijijini kwao mto ulitaka kukauka, akauchota wote, akaufunika, akaenda nao ukweni. Njiani yakampata mambo mengi, siku nzima Nesta alisimulia. Alipofika mahali mwanamke anautua mtungi mlangoni kwa mama mkwe na kushika kifuniko, baba akaita kutoka nyumbani. "Nitamalizia kesho," Nesta akasema.

Kesho yake hakuwapo. Alikuwa ametoroka na kijana wa ng'ambo, mfanyakazi wa migodi ya shaba huko Kopabeti, Zambia. Mzee Nzunda, mzee wa kanisa, alikataza jina la Nesta lisitajwe nyumbani kwake, na halikutajwa. Uhuru ulikuwa bado mbichi wakati huo. Watu wakahamishiwa vijijini, reli ikajengwa, mzee mwenyewe akafa, na Nesta hakuna aliyesikia habari zake. Loisi alikuwa mama wa mtu, tena mjane, na bado kuna mwanamke kasimama mlangoni ameshika kifuniko cha mtungi.

Jambo jingine lazima nilieleze hapa, usije ukapotea mbele. Enzi za ushirika kila mkulima wa kahawa alikuwa na namba yake, na namba hiyo hupakwa juu ya gunia. Gunia lisilo na namba halina mwenyewe. Ya Mzee Nzunda ilikuwa mia nne kumi na saba. Alikuwa na kipande cha bati kilichotobolewa tarakimu hizo. Unalilaza juu ya gunia, unapitisha rangi, unaliinua, namba imebaki. Msimu mmoja Nesta alilidondosha kwenye jiwe, bati likapinda na kukatika pale kwenye saba, na tangu hapo saba ya Mzee Nzunda ikawa na mguu uliovunjika. Nesta alichapwa fimbo kwa ajili hiyo. Karani wa ushirika kila mwaka alimwambia mzee atengeneze bati jipya, na kila mwaka mzee alikataa. Watu walisema ni ubahili. Hata mimi niliposimuliwa nilisema ni ubahili.

Bati hilo Loisi alilirithi pamoja na mibuni. Ushirika ulipovunjwa namba zilikufa, lakini yeye alilitunza chini ya godoro.

Basi huyo shoga yangu akaanza kuandika. Mchana anashona, jioni anaandika hadithi za dada yake, zote alizokumbuka. Mimi nilidhani ni mchezo wa mjane anayetafuta la kufanya. Siku aliponiambia anataka ziwe kitabu, nikaweka chini kikombe.

"Kitabu cha kumpa nani?"

"Cha Nesta," akasema. "Mimi siwezi kuzunguka Zambia yote nikiuliza. Kitabu kinafika pasipofika mguu. Atakiona, atajua nipo, atakuja kunimalizia hadithi."

Alipeleka mswada kwa wachapishaji, ukarudi. Walisema lugha nzuri, ila hadithi ya mwisho haina mwisho. Wakamshauri atunge. Loisi alikasirika, mtu ambaye sijawahi kumwona amekasirika. "Mwisho si wangu mimi," akasema, "ni wa dada." Akaenda kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji kule Mbeya, akapewa bei. Siku ya pili napita Chapwa, naona mahali pa cherehani ni patupu, sakafu imebaki na alama za miguu yake.

Lo! Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Umeuza cherehani? Loisi, umeuza mikono yako!"

"Mikono ninayo, Mama Saidi," akanionyesha. "Nimeuza cherehani tu."

Akawa anashona kwa mkono, pindo kwa pindo, na vidole vikimtoka damu. Nami hasira zikanishika, nikamuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni. "Na je, kama huyo dada yako hajui kusoma?"

Alikuwa na uzi mdomoni. Aliutoa polepole. "Atasomewa," akasema, akarudi kwenye pindo lake.

Vitabu vikaja kwa basi, vimefungwa kamba ya katani. Karatasi ilikuwa ya manjano maana siku hizo hata karatasi ilikuwa adimu, lakini jina lake lilikuwa pale juu ya jalada, Loisi Nzunda, na nilipoliona nilisikia fahari utadhani nimemzaa mimi. Tukaenda naye Mbeya, kwenye duka la vitabu. Muuzaji, mwanamume mpole mwenye miwani, akakigeuza mbele na nyuma.

"Mama, mbona hakina namba?"

Loisi hakujua kwamba vitabu navyo huwa na namba. Lakini alikuwa mtoto wa kahawa, na kwa mtoto wa kahawa neno hilo halihitaji maelezo. Uso wake ukang'aa. "Namba ninayo," akasema. "Iko nyumbani!"

Tulirudi Tunduma, akachomoa bati chini ya godoro, na kwa siku kadhaa uani kwangu hapakuwa na kazi nyingine. Mimi nashika kitabu, yeye analaza bati, Tumpe anapitisha rangi nyeusi. Mia nne kumi na saba, mia nne kumi na saba, kila jalada, na saba inachechemea. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi hata mume wangu Amri akauliza tunafanya kazi gereji gani. Loisi aliimba nyimbo zote za kwaya yao. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile, nami, Mungu anisamehe, niliitikia viitikio.

Tukavirudisha Mbeya. Yule muuzaji alipoona akacheka, akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akamtazama Loisi usoni, akaacha kucheka, akavuta kiti akampa. Alikuwa mtu mwema, siwezi kumsingizia.

"Mama," akasema, "namba ninayosema mimi ni ndefu, ya kimataifa, inatolewa Dar es Salaam. Kitabu kikiwa nayo, mtu akiwa popote, hata akiwa Kitwe, anaweza kukiagiza, na kitatafutwa mpaka kimfikie. Kisipokuwa nayo, kwa wauza vitabu hakipo."

"Akiwa Kitwe?" Loisi akauliza.

Nikajua tumekwisha. Kitwe ni huko huko Kopabeti.

Muuzaji akaeleza gharama. Kwanza sharti ujiandikishe kama kampuni ya uchapishaji, uwe na anwani na mhuri wako. Kuna ada. Kuna nakala za kutoa bure. Kuna safari ya Dar es Salaam na kukaa huko ukisubiri, pengine mhusika yuko semina. Na mwisho kabisa, namba hiyo haipakwi kwa bati. Lazima ichapwe ndani ya kitabu, maana yake hivi vyote havifai, uanze upya. "Kampuni kubwa wala hawaisikii," akasema. "Lakini mtu mmoja mmoja, mama yangu, namba inamgharimu kuliko kitabu chenyewe." Akanunua nakala moja kwa ajili ya watoto wake, akakataa chenji.

Asubuhi yake Loisi alikuwa mlangoni kwangu, amejifunga kanga ya safari. "Nauza mibuni ya baba," akasema. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nilimwambia yote mtu anayoweza kumwambia mwenzake. Nilimwambia Tumpe atakula nini. Nilimwambia kwamba huyo Nesta aliondoka bila hata kuaga, na anayekwenda bila kuaga hadai kutafutwa. Akakaza fundo la kanga yake. Basi nikavaa koti la Amri, nikamfuata Igamba kuwa shahidi wake, maana nisingemwacha aende kulia peke yake.

Siku hizo ardhi ilikuwa ya kijiji, lakini mibuni ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuiuza. Mnunuzi alikuwa tayari, na mzee wa kijiji wa kushuhudia. Loisi akasema aachwe kidogo atazame. Akaenda hadi kwenye vichanja vya zamani, miti yake imeoza, mingine imelala chini. Akashika kimoja, kikavunjika mkononi. Akasimama pale kitambo na baridi ile. Aliporudi akasema, "Siuzi."

Mnunuzi akafoka, nami nikafoka zaidi ya mnunuzi. "Ala! Tumetoka Tunduma kuja kutazama miti?"

"Dada akirudi atakuja hapa kwanza," akasema. "Njia ya Chapwa haijui. Akikuta hapa pana watu wengine, atasema tumekwisha wote, atarudi alikotoka. Nikiuza hapa ili nipate namba ya kumtafutia, nitakuwa nimemtafutia wapi?"

Nikajifuta macho, nikalaumu upepo.

Namba ikafia hapo. Vitabu tukavitia kwenye magunia, vikakaa stoo kwangu nyuma ya sabuni. Ulipofika ule msako wa walanguzi, mgambo wakaingia, wakapapasa magunia, mmoja akashangilia, "Sukari hii!" Wakafungua, wakakuta hadithi. Mwingine wao akachutama pale pale akasoma hadi ukurasa wa mwisho, kisha akaniuliza kwa ukali, "Mtungini mlitoka nini?" Nikamwambia mimi nauza chumvi.

Nilijaribu kuviuza. Wanyiha na Wanamwanga waliopita dukani walinunua kimoja hapa, kimoja pale, lakini watu walitafuta unga, hawakutafuta hadithi. Mwishowe Amri akapata mzigo wa kupeleka Kopabeti. Loisi akaja na gunia zima, akampigia magoti kama anavyopigiwa shemeji.

"Shemeji, nenda navyo. Popote utakapoona watu wa kwetu, waonyeshe."

"Wallahi nitawaonyesha," Amri akasema.

Akaenda, akarudi. Gunia tupu, pesa mkononi, uso wa furaha mno. Nimeishi na mwanamume huyu, akitabasamu hadi pengo lake la mbele likaonekana, kuna jambo.

"Vimenunuliwa vyote, Baba Saidi?"

"Vyote."

"Na watu wa Mbozi?"

"Na mama mmoja."

"Mama mmoja kanunua gunia zima la vitabu? Ni mwalimu?"

Akajikuna shingo. "Anauza karanga."

Yaliyofuata hayafai kusimuliwa mbele ya watoto. Nitasema tu kwamba mwiko ulipita karibu na sikio lake. Alijitetea, masikini, kwamba alitembea navyo masoko mengi, kwamba watu walimcheka, kwamba lori lilitakiwa kurudi, na karatasi huko ilikuwa na bei. Nami sikuweza kulibeba jambo lile hata siku moja. Loisi alipokuja nikamwambia. Akakaa juu ya gunia la chumvi.

"Wanafungia karanga?"

"Ndiyo, shoga yangu."

"Basi karatasi hazitapotea bure," akasema, "watu watakula." Akaniachia nguo alizonipigia pindo, akaenda zake. Jioni Tumpe akaniambia mama yake amelia hadi kwikwi, mtu ambaye hata msiba wa Lwitiko alilia kimya. Iliniuma. Iliniuma kuliko mambo yangu mwenyewe. Nikaenda, nikakaa naye, na kwa mara ya kwanza tukawa wawili tusio na maneno.

Mvua zikanyesha, zikaisha. Kahawa ya Igamba ikaiva, Loisi akaenda kuchuma, akarudi, akaendelea kushona kwa mkono. Habari ya kitabu hakuitaja tena, nami nikajifunza kutoitaja.

Siku moja ya jua, saa sita hivi, mwanamke akasimama mlangoni pa duka. Mnene, mweusi, kitenge cha ng'ambo, mfuko wa safari begani. "Odi, mukwai," akasema. Kwa hilo neno lao la heshima nikajua ni wa upande wa pili wa mpaka, anatafuta chumvi. Nikamwuliza apimiwe ngapi. Akatikisa kichwa. Akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imelowa mafuta ya karanga, akaikunjua juu ya kaunta na kuinyoosha kwa viganja. Lilikuwa jalada, limechanwa.

"Mama, naomba kuuliza," akasema, na Kiswahili chake kilikuwa kimeshika kutu. "Nani kaandika namba ya baba yangu hapa?"

Mimi nimemtazama yeye, nimetazama karatasi. Kidole chake kilikuwa juu ya saba.

"Huu mguu," akasema, "niliuvunja mimi."

Nilipiga yowe. Wenye maduka ya jirani wakaja wakidhani nimeibiwa. Nikawafukuza, nikafunga duka adhuhuri, na Tunduma mtu hafungi duka adhuhuri ila kwa msiba, hata watu wakaanza kunipa pole njiani. Nimemshika mkono mwanamke wa watu namburuta kuelekea Chapwa, naye ananieleza huku anahema. Alinunua karanga sokoni Kitwe, akala akisubiri basi, alipofika chini ya kifuko ndipo akaona. "Haya maneno mengine siyajui, mukwai, kusoma sikujaliwa. Lakini namba hii niliipaka kwenye magunia tangu mtoto." Akamrudia mwenye karanga, akaambiwa kazipata karatasi kwa dereva wa Tunduma, mwenye pengo. Akauza kuku wake, akapanda gari, na Tunduma akaulizia dereva mwenye pengo hadi akaonyeshwa duka langu.

Nikasema moyoni, Amri wangu, leo utakula nyama.

Loisi alikuwa ameketi kizingitini, anapiga pindo la sare. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kusema, mazuri kweli kweli. Hayakuhitajika. Akainua uso, akaniona mimi, akamwona aliye nyuma yangu. Sindano ikabaki hewani. Akasimama, sare ikaanguka vumbini, na mimi ninayemfahamu najua kwamba Loisi hangeacha nguo ya mteja vumbini hata nyumba ikiwaka moto. Wakashikana mikono yote minne, wakasalimiana Kinyiha, salamu ndefu ya kwao inayouliza habari za kila mtu na kila mnyama, na machozi yanawatiririka wala hawayafuti, na salamu hawaikatizi.

Walipokwisha kukaa, Nesta akauliza kwa Kiswahili, nadhani kwa heshima yangu, "Baba?"

"Alishakwenda."

Nesta akatazama chini. "Alinitaja?"

Nikaogopa jibu. Loisi hakuwa mtu wa kusema uongo, hata ule wa kumtuliza mtu. Akaingia ndani, akarudi na lile bati, akamwekea mapajani.

"Jina hakulitaja," akasema. "Lakini kila msimu karani alimwambia abadilishe bati, na kila msimu alikataa. Alisema saba yake ni hii."

Nesta akapitisha kidole pale palipokatika, akalia kwa sauti kubwa, kilio cha mtu aliyefiwa leo. Na mimi niliyesema ubahili nikageukia ukuta.

Tumpe akaleta chai. Tulipotulia Loisi akachukua kitabu kizima, kisichochanwa, akataka kumpa. Nesta akakirudisha. "Nisomee."

Loisi akamsomea. Si zote, ile ya mwisho tu. Alisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole, vile walivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima. Mwanamke akauchota mto, akaufunika, akapita mlima, akapita njaa, akapita watu waliotaka kumpokonya, akafika ukweni, akautua mtungi mlangoni, akashika kifuniko. Karatasi ikaishia hapo. Loisi akafunga kitabu, akakiweka kando, akakunja mikono kama msichana.

"Haya, dada. Malizia."

Nesta akamtazama, akanitazama mimi. "Nimalizie nini?"

"Mtungini mlitoka nini?"

"Mdogo wangu," Nesta akasema taratibu, "mimi sijui. Nilikuwa natunga tu. Ulikuwa mtoto, unasinzia, na mimi naogopa tukilala wote mvua itanyeshea kahawa, baba atupige. Nilikuwa natunga ili usilale."

Astaghfirullahi! Nikaiona cherehani. Nikaona vidole vya Loisi vilivyotoboka, nikaona Igamba na baridi yake, Mbeya na namba zake, yote hayo kwa ajili ya mwisho ambao haujawahi kuwapo. Nilifungua kinywa niseme.

Loisi alikuwa anacheka. Alianza kidogo, mabega tu, kisha akacheka hadi akashika ubavu, na Nesta naye akachekeshwa na kicheko chake, na Tumpe, na mimi sikuwa na hiari. Alipoweza kuvuta pumzi akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akasogeza kigoda karibu na dada yake hadi magoti yakagusana.

"Basi endelea kutunga," akasema. "Leo silali."

Nesta akakohoa kidogo, akatazama mawingu kwanza, kwa mazoea. Kisha akaanza, "Mwanamke akafunua mtungi..." Nami nikavua viatu, nikaomba chai nyingine, nikakaa nisikie.